Ngiri Alipovaa Kofia ya Fisi

Zamani, wanyama walipokuwa nao na ofisi zao na vyeo vyao, mvua iligoma kabisa. Mito ikabaki mchanga, na wote wakasongamana kwenye bwawa moja ambalo mlinzi wake alikuwa Ngiri.

Ngiri mwenyewe alijua kwamba hakuwa mlinzi hodari. Akimfukuza mwizi, mkia juu kama mlingoti wa bendera, hufika katikati ya mbuga akasimama na kujiuliza, "Hivi nilikuwa namkimbiza nani?" Kusahau ndiyo ilikuwa tabia yake. Wezi walikamatwa kwa sababu majirani walimwambia kila kitu: Kanga alipiga kelele juu ya kichuguu, Sungura akaonyesha njia, naye akatokea mwishoni kupokea sifa.

Siku moja akaja Fisi, ametumwa na Simba.

"Mfalme ameamuru waliotoka ng'ambo ya mto warudishwe makwao," alisema. "Maji hayatoshi. Kazi yangu ni kuwasindikiza, lakini siwajui. Wewe unawajua wote."

"Mimi kazi yangu ni wezi, bwana."

"Kwani anayekunywa maji yasiyo yake si mwizi?"

Ngiri aliona hoja hiyo ina uzito. Isitoshe, Fisi alikuwa amemletea kofia yenye nembo ya mfalme, nayo ilimkaa vizuri kati ya masikio. Akakubali.

Kesho yake akaja Bi Digidigi. "Afande, nimeibiwa majani yangu ya akiba."

"Pole, mama. Ulizaliwa wapi?"

"Ng'ambo, mwaka wa nzige. Kwani hilo na majani yangu..."

Hakumaliza. Fisi alitokea nyuma ya kituo, akamchukua kwenda naye mtoni, akarudi upesi mno akijiramba midomo. "Amefika salama," alisema. Ngiri aliona jambo hilo si la kawaida, akapanga kulifikiria baadaye, akasahau.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeleta malalamiko. Ngiri akakaa kivulini na kofia yake wiki nzima.

"Mke wangu, nimekomesha uhalifu," alijisifu.

"Umeukomesha, au umesusiwa?" mkewe akamuuliza.

Adhuhuri moja kitindamimba wao hakurudi kutoka malishoni. Ngiri akatoka mbio, roho mkononi, mpaka kwa Kanga.

"Dada Kanga, umemwona mwanangu?"

"Sijaona kitu, afande. Nikisema nimeona, utaniuliza nilizaliwa wapi."

Sungura alikuwa ameketi hapo akitafuna. "Na wewe je, afande? Ulizaliwa wapi?"

Ngiri alitaka kujibu kwamba ni hapa hapa. Ikamjia polepole: mto umefurika, na mama yake anamsukuma kwa pua mpaka ukingo wa huku. Alikuwa amesahau hata hilo. Aibu ikamshika, akavua kofia na kuikanyaga mbele yao.

"Ng'ambo," alisema huku akilia. "Nimezaliwa ng'ambo. Na kofia hii ina akili kuliko kichwa kilichoivaa. Nipelekeni mtoni mkitaka, ila kwanza nisaidieni nimpate mwanangu."

Kanga akaruka juu ya kichuguu, akapaza sauti mbuga nzima ikasikia: "Fisi! Amemwingiza pangoni kwake!"

Kabla kelele hazijaisha, Sungura alikuwa keshafika kwa Simba. "Mfalme, wale ulioamuru warudi makwao wameishia pangoni kwa Fisi. Watu wanasema amri yako haifiki hata mtoni."

Simba hakuwahurumia wageni; alichokihurumia ni jina lake. Akaongozana na Ngiri mpaka pangoni. Mtoto alikuwa hai, amebanwa nyuma ya jiwe, anasubiri kuwa chakula cha jioni. Kando yake palikuwa na lundo la mifupa, na juu ya lundo kwato nne ndogo sana. Ngiri akazitambua ni za Bi Digidigi, akaziokota moja moja.

"Fisi, ulizaliwa wapi?" Simba akamngurumia Fisi aliyejikunyata pembeni.

"Hapa hapa, mfalme! Mimi, na baba, na babu!"

"Basi ng'ambo hujapaona. Nenda ukapaone."

Akamtimua mpaka akavuka mto, Kanga akimzomea njia nzima. Amri ya kufukuza wageni nayo ikafa, kwa kuwa hakubaki wa kuitekeleza.

Majirani wakaanza tena kumpelekea Ngiri mashauri yao, kidogo kidogo. Lakini Bi Digidigi aliacha watoto wawili, na kila asubuhi hupita mbele ya kituo wakienda kunywa maji. Ngiri husimama akawaamkia yeye, mtu mzima. Mpaka leo hawajamwitikia.