Nundu ya Fahali wa Sorogoi

Nawaambia mapema, asije mtu akaninunia baadaye: hamtaniamini. Na yule bwana aliyesoma hadi chuo, aliyekaa mbele na kalamu mfukoni, ndiye hataniamini kabisa, maana jambo hili halimo vitabuni mwake. Mimi na shule tuliachana mapema, tena kwa amani. Lakini kwa hadithi ya namna hii, nionesheni mtu wa kunishinda, nitambebea viatu mpaka mlangoni kwao. Haya, anayetaka kusema "uongo" aseme sasa hivi. Kimya? Basi mmeshanasa.

Iko milima inaitwa Sorogoi. Ukitoka mjini unaendesha mpaka lami inaisha, kisha changarawe inaisha, kisha subira yako nayo inaisha, ndipo milima inaanza. Watu wa kule ni wafugaji. Serikali wanaijua kwa ofisi iliyofungwa kufuli na kwa buti za askari. Wapiganaji wa msituni wanawajua kwa hotuba ndefu na kwa mbuzi wanaoondoka nao baada ya hotuba. Katikati ya buti na hotuba, mtu anaamka anakamua ng'ombe wake.

Mmoja wa watu hao alikuwa Lopeyok, mpasuaji wa Sorogoi. Msicheke, hiyo ni kazi ya heshima. Kwenye kila karamu yeye ndiye anayeshika kisu, na kila nyama ina mwenyewe: kidari cha akina mama, ulimi wa wasuluhishi, mbavu za wanaochunga mbali. Yeye mwenyewe hajigawii hata utumbo. Anagawa, anafuta kisu, anakwenda kula kwake.

Na huko kwake hapakuwa shwari. Mwaka mmoja aliwapa askari maji ya kunywa. Wapiganaji wakaja, wakamchomea nyumba. Mwaka uliofuata aliwapa wapiganaji maziwa. Askari wakaja, wakamvunja goti. Tangu hapo mguu wake wa kushoto haukunji. Mkewe Nasike, ambaye hajawahi kununua maneno, akamwambia, "Mume wangu, mwaka huu akija mtu ana kiu, mwambie sisi nyumba nzima ni viziwi."

Sasa nileteeni masikio, nawaletea watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Daktari Mwakideu, mganga wa mifugo wa serikali. Huyu ng'ombe akikohoa ng'ambo ya bonde, anakuambia ugonjwa gani, na kama ni wa kupona au wa kuchunwa ngozi.

Wa pili ni Bwana Rwegasira, meneja wa machimbo ya dhahabu pale chini ya milima. Huyu akitaka kitu, kipo. Katikati ya jangwa ana samaki wabichi na bia yenye umande.

Wa tatu ni Kamanda Achuka, mkuu wa wapiganaji. Huyu anasoma ardhi kwa nyayo. Akikanyaga udongo uliofukuliwa, hata uwe umepitiwa na mvua mbili, anajua chini kumelala nini.

Basi likaja gonjwa. Homa ya mapafu. Ng'ombe anasimama kichwa kimenyooka mbele, viwiko vimetanuka, anavuta pumzi kama anayepanda ngazi. Akianguka, aliye karibu naye anaanza kukohoa. Lopeyok akawa anapasua nyama isiyo ya karamu, nyama ya kufukiwa. Mapafu yalitoka magumu mfano wa maini, yakiwa yamegandamana na mbavu. Jirani zake wakaanza kuwanywesha watoto uji wa mizizi.

Daktari Mwakideu akapata habari. Akaomba ruhusa ya kwenda, ofisi ikamjibu kwamba gari lipo. Kweli lilikuwepo, juu ya mawe, halina magurudumu. Akaomba walinzi, akaambiwa njia ile si salama. Akasema, kama ingekuwa salama ningewaomba walinzi wa nini? Akachukua chanjo, akaipanga kwenye kasha la baridi, akalifunga nyuma ya pikipiki yake mwenyewe, akaondoka peke yake na jua la kupasua fuvu. Bila yeye, chanjo ingekaa mjini mpaka ipitwe na wakati.

Alipofika kwenye lango la machimbo, barafu yote ilikuwa maji, tena maji ya uvuguvugu. Chanjo hiyo ikipata joto haina tofauti na mate. Meneja Rwegasira akatoka, akamtazama. Wakubwa wake walishamkataza asiguse mambo ya milimani. Akasema, "Daktari, ukiniuliza mimi, wewe ni mwendawazimu. Ingiza hilo kasha ndani." Akamwaga samaki, akatoa bia, jokofu zima akalifanya la chanjo, na asubuhi akalijaza lile kasha barafu mpaka shingoni. Wazungu wa kampuni wakala maharage wiki ile. Bila yeye, daktari angewadunga ng'ombe mate.

Kutoka machimbo kwenda Sorogoi kuna njia moja ya kupita chombo, nayo ilikuwa imetegwa mabomu. Kamanda Achuka ndiye aliyeyatega. Alipomwona daktari kwenye darubini, vijana wake wakataka kumpiga risasi. Akasema, "Mwacheni. Lile kasha ni la ng'ombe wa mama zenu." Akashuka mwenyewe, akavua viatu, akatangulia mbele ya pikipiki, nyayo kwa nyayo, anapiga magoti, anafukua, anang'oa, anasonga. Moja lilimlipukia pembeni likamnyakua vidole viwili vya mkono. Akafunga kitambaa, akaendelea. Bila yeye, daktari na kasha lake wangeokotwa kwa kijiko.

Ng'ombe wakadungwa. Waliokuwa wa kufa wakafa, waliobaki wakabaki, na kikohozi kikahama Sorogoi. Watoto wakarudi kwenye maziwa.

Sasa ndipo penye kazi. Watu wa Sorogoi wana desturi yao. Gonjwa likiondoka, huchinjwa fahali mmoja, na nundu yake hupewa yule aliyeokoa kundi. Hupewa mkononi, mbele ya watu wote, akiwa amesimama. Aliyeila anakuwa mwenye boma. Kesi zinapelekwa kwake. Akisema hapa pasilimwe, hapalimwi. Akisema vijana njooni, vijana wanakwenda. Nundu ni moja na haikatwi vipande viwili. Jaribuni kuikata mbele ya Nasike muone atakavyowafanya.

Siku ya karamu wote watatu walifika. Desturi inataka bunduki zibaki nje, basi askari wakaegemeza zao upande huu wa ua wa miiba, wapiganaji upande ule. Naam, askari walikuja. Siku ya safari hawakuonekana, siku ya nyama walipanda gari lenye magurudumu yote.

Lopeyok akachinja, akachuna, akagawa. Kidari kikaenda, ulimi ukaenda, mbavu zikaenda. Ikabaki nundu. Akaishika mkononi, nzito, ina joto bado, mafuta yanamtiririka hadi kwenye kiwiko.

Daktari Mwakideu akasogea. "Ndugu zangu, mimi sitafuti makuu. Lakini chanjo ni ya serikali. Mkiitoa nundu kwangu, mmeitoa kwa serikali, na ofisi ile itafunguliwa."

"Ofisi!" Kamanda Achuka akacheka, mkono umefungwa kitambaa. "Daktari, nakuheshimu, wewe ni mwanamume. Lakini ofisi ile ilifungwa kabla bunduki yangu haijafika hapa. Aliyewafanya mama hawa wakae miaka bila chanjo ni nani? Nundu ni ya waliomwaga damu."

"Damu yako ilimwagwa na bomu lako," daktari akasema.

"Na njaa yetu ilimwagwa na mafaili yenu!"

Meneja Rwegasira akakohoa kidogo, kile kikohozi cha watu wa mikutano. "Waheshimiwa, tusigombane. Barafu ilikuwa yangu. Serikali inaahidi, kamanda anahutubia, kampuni ndiyo yenye umeme. Nipeni nundu, mwaka kesho nyaya zinapanda mpaka hapa."

"Zinapanda kufuata nini?" Nasike akamrushia kutoka upande wa wanawake. "Ng'ombe walipatia ugonjwa wapi, shemeji? Si pale walipobanana kama dagaa, baada ya wewe kuzungushia waya malisho ya mtoni?"

Watu wakaguna. Meneja akasogea hatua moja kuelekea gari lake.

Mwaiona hali ya Lopeyok? Akimpa daktari, askari wakiondoka jioni, wapiganaji watashuka, na nyumba ameijenga juzi tu. Akimpa kamanda, goti la kulia bado zima na askari wanajua lilipo. Akimpa meneja, malisho yaliyobaki yanapata waya, na watoto wake watachunga mawe. Kila aliyesimama mbele yake ameokoa ng'ombe, wala hilo halina ubishi. Na kila mmoja ana mkono katika kilichowaua, hilo nalo halina ubishi. Lopeyok akajiuliza moyoni. Mbona alipokuwa anafukia mizoga hawakuja kubishana nani mwenye boma?

"Lopeyok," daktari akasema kwa upole, "watu wanasubiri."

"Nawaona," akajibu. "Walianza kusubiri kabla yako."

Haya. Bila chanjo, barafu ni ya kupozea bia. Bila barafu, chanjo ni mate. Bila njia, vyote viwili ni vya kuokota kwa kijiko. Mwenye nundu ni nani?

Naona mikono. Wewe mama unasema daktari, kwa kuwa aliondoka bila kutumwa. Lakini nundu haitaishia kwake, itapanda ngazi mpaka kwa wale waliomnyima gari. Wewe kijana unasema kamanda, naona unapenda mabomu. Je, mtu akikuziba pua halafu akakuachia, utamshukuru kwa hewa? Nani kasema meneja? Inuka tukuone. Hee, kaa chini, mjomba, umeshalipwa. Na msomi wetu anasema Lopeyok aile mwenyewe! Aliyekwambia msomi hasikilizi hakukosea. Mwenye kisu hajigawii. Siku akijigawia, hakuna atakayekula tena kilichotoka mkononi mwake.

Mmeshindwa. Nilijua. Sasa tulieni, maana nimewafanyia hila. Nimewasimulia kama watu watatu wanaogombea mnofu, nanyi mmeketi mnapima jasho la nani ni zito. Iko sehemu nimeiruka makusudi, kwa sababu ningeitaja mapema mngenyamaza mapema, na mimi napenda mkibishana.

Sehemu yenyewe ni hii. Nundu haipokelewi kwa mkono mtupu. Kabla ya kuishika, mtu anaapa mbele ya watu, na mpasuaji ndiye anayemtamkia maneno. Lopeyok alipoona wamekaribia kushikana mashati, aliinua nundu juu ya kichwa chake, akayatamka.

"Anayekula hii, tukimwita anakuja. Ng'ombe wa mjane akipotea, anamtafuta yeye kwa miguu yake. Mtoto wetu akifa kwa njaa, kaburi analichimba yeye. Tusipokula, hali. Tukihama, anahama. Akitupiga, tutamwambia mbele ya mama yake, naye atasikiliza. Nani anaapa?"

 

Daktari akalegeza kola. "Lopeyok, ndugu yangu, mimi ningeapa sasa hivi. Lakini mimi ni mtumishi tu. Siwezi kuwaapia wakubwa. Lazima kwanza niombe kibali."

"Kamanda?"

Kamanda Achuka akatazama milima. "Sisi tuko vitani. Tukishinda, nitakuja niape hapa hapa. Kwa sasa mpe daktari, yeye ndiye aliyeleta dawa."

"Hapana, hapana," daktari akasema, "wewe ndiye uliyepoteza vidole!"

"Meneja?"

Meneja alikuwa ameshafika karibu na gari lake. "Sisi ni wapita njia, jamani. Dhahabu ikiisha tunaondoka. Mpeni mwenyeji."

Naapa kwa miguu yangu miwili, watu waliokuwa wanavutana sasa walikuwa wanasukumiana. Lopeyok akawatazama mmoja mmoja. Alitamani hata mmoja wao awe mwongo. Aape tu kwa uongo, angalau pawe na mtu wa kwenda kumwita, na wa kumuumbua asipokuja. Hakuna aliyewapenda watu wa Sorogoi kiasi cha kuwadanganya.

"Ishushe basi," Nasike akamwambia taratibu.

Lakini nundu haiwekwi chini. Ikigusa udongo, Sorogoi haina mwenyewe mpaka gonjwa jingine lije. Kuila hawezi. Kuirudisha kwenye fahali hawezi. Magari yanawashwa upande huu, wapiganaji wanaokota bunduki upande ule, na mafuta yanamwingia machoni.

Hiyo ndiyo niliyowaficha. Sasa rudisheni ile mikono juu, tena upesi, kuna mtu anachoka. Umesimama pale Lopeyok aliposimama, nundu iko juu ya kichwa chako, na hakuna anayeinyooshea mkono. Je, wewe ungeamua vipi?