Mhanga na Ardhi Iliyokataa Kula

Jamani, mpo?

Tupo!

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo!

Na midomo je?

Tumeifunga!

Basi endeleeni kuifunga. Zamani, zamani sana, kabla ardhi haijajifunza kukataa chakula, wanyama wa bonde moja walikuwa na desturi yao. Kila mwezi ulipoandama walileta masazo yao yote, maganda, mifupa, manyoya, hata samadi, wakayatia shimoni. Kisha walisema kwa pamoja, "Ardhi, karibu ule." Na ardhi ilikula. Mvua zikinyesha, pale palipokuwa na shimo paliota maboga makubwa kuliko kichwa cha nyati.

Aliyechimba shimo hilo alikuwa Mama Mhanga, yule mla mchwa mwenye masikio marefu na kucha kama majembe. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, na mama yake aliirithi kwa bibi yake. Shimo likishafukiwa, Mhanga alilaza sikio chini akasikiliza. Akisikia ardhi inatafuna, mta, mta, mta, aliinuka akawaambia wenzake, "Imekula." Hapo kila mmoja alikwenda zake ameridhika. Na yeye, kila mara, mwili ulimsisimka. Hebu fikirini, kitu kikubwa kiasi kile, kinachobeba milima na mito, kinakula kutoka mkononi mwako!

Siku moja akaja Kunguru kutoka mji wa watu, na tochi mdomoni. Msiniulize ni zamani gani hiyo yenye tochi. Hadithi ni yangu. Kunguru akabonyeza, tochi ikawaka, na pango la Ngiri likang'aa hadi pembeni kabisa. Wanyama wakashika vinywa. Ngiri hakuwahi kuiona nyumba yake vizuri tangu azaliwe, akawa anazunguka akizishangaa kuta. Akatoa kibuyu cha asali, akapewa tochi.

Mara ya pili Kunguru alileta redio ndogo, iliyoimba kutwa nzima bila kunywa maji. Mara ya tatu alileta simu ya kioo, ambayo ukiipangusa unamwona shangazi yako aliye ng'ambo ya mlima, anacheka. Hata Mhanga alichukua moja, na mwanawe Kichuguu akawa halali mpaka aitazame. Yalikuwa maajabu kweli, sitawadanganya.

Ila vitu vile havikudumu. Tochi ya Ngiri ilikufa kabla mahindi hayajakomaa. Ngiri akaigeuza huku na huku akitafuta pa kuifungua, asipaone. Ilikuwa imegandishwa kwa gundi, haina hata skrubu moja. Akamwendea Kunguru. Kunguru akamwambia hizo hazitengenezwi, ikifa unachukua nyingine.

"Na hii iliyokufa niipeleke wapi?" Ngiri akauliza.

"Kwani ninyi hamna shimo?"

Shimo walikuwa nalo. Kwao, kila kilichokufa kilikuwa chakula cha ardhi. Hawakujua kufa kwa namna nyingine. Basi mwezi ulipoandama, wakazitia tochi zilizokufa na redio zilizokufa na simu zilizokufa pamoja na maganda yao, wakasema, "Ardhi, karibu ule."

Mhanga akalaza sikio. Kimya. Akaona aibu, akainuka akasema, "Imekula."

Mwezi wa pili zikaja nyingi zaidi. Mhanga akalaza sikio, akasikia ardhi inaguna. Akainuka akasema, "Imekula."

Mwezi wa tatu shimo likajaa hadi maganda yakakosa nafasi. Mhanga akalaza sikio, akasikia ardhi inakohoa kama mtu aliyepaliwa. Lakini wenzake walikuwa wamesimama wanamngoja, na yeye ndiye mlishaji, binti wa mlishaji. Akainuka akasema, "Imekula."

Wiki haikupita, Kichuguu akarudi kutoka chemchemini huku miguu inamtetemeka. Alisema maji yana ladha ya msumari. Kesho yake hakuweza kusimama. Kesho kutwa yake hakuweza kumeza hata mchwa mmoja. Mhanga akamtazama mwanawe pale alipolala, na akajua. Hakumwambia mtu. Akaenda shimoni, akaanza kuchimba.

Alichimba mara ya kwanza, akakuta maganda na mifupa vimegeuka udongo mweusi, laini, wenye harufu ya mvua. Akachimba mara ya pili, akakuta tochi na redio na simu, zipo vilevile zilivyotupwa, ila betri zimepasuka zinatoa uteute wa kijani. Akachimba mara ya tatu, akaufikia mshipa wa maji unaokwenda chemchemini. Uteute ulikuwa ukidondokea humo, to, to, to.

Ndipo ardhi ikasema. Haikupaza sauti. Sauti ilimwingia Mhanga kupitia nyayo, ikampanda hadi kwenye meno, naye akaanguka kifudifudi.

"Mlishaji wangu, mnanilisha nini?"

"Vilivyokufa, Mama," Mhanga akajibu.

"Hivi ni mimi mwenyewe. Weka sikio usikie vilikotoka."

Mhanga akaweka sikio. Akasikia upepo unavuma mbali, mbali sana, ndani ya mlima mtupu. Mlima mzima, wenzangu, umechimbwa na kukombwa ndani kama kibuyu! Akasikia mto unapita chini ya mlima huo bila samaki hata mmoja. Shaba ilitolewa mle, na mawe mengine ambayo Mhanga hakuyajua majina, ili tochi ya Ngiri iwake miezi mitatu. Mhanga alikuwa mchimbaji, na mama yake mchimbaji, na bibi yake mchimbaji, lakini hakuwahi kudhani kwamba duniani kuna shimo kubwa namna ile. Akajiona mdogo kuliko mchwa. Akalia, na hakujua kama analia kwa hofu au kwa heshima.

"Ni mifupa yangu," ardhi ikasema. "Nitaitafunaje mifupa yangu mwenyewe?"

Mhanga akapanda juu, akawaita wanyama wote. Akawasimulia aliyoyaona na aliyoyasikia. Kisha akasema lile lililomchoma zaidi.

"Niliwadanganya. Mara tatu ardhi haikula, na mara tatu nilisema imekula. Niliogopa mtaniona sifai."

Ngiri ndiye aliyeshuka shimoni wa kwanza, na wengine wakamfuata.

Walizifukua tochi, redio na simu zile kwa siku tatu. Walipomaliza, Ngiri alijaribu kuzichoma, moshi ukawakaba wote, wakazima moto haraka. Wakamwita Kunguru, wakamwomba azirudishe alikozitoa. Kunguru akacheka. Akasema kazi yake ni kuleta, kurudisha hajafundishwa.

Mhanga hakubishana naye. Alimkaribisha ndani, akampa mahali pa kukaa, kama mgeni anavyostahili. Akateka maji ya chemchemi akamwekea mbele. Kunguru akayanusa, akavuta kichwa nyuma.

"Haya maji yana sumu."

"Ndiyo aliyokunywa mwanangu," Mhanga akasema. "Kunywa, au beba."

Kunguru akageukia mlangoni. Ngiri alikuwa amesimama hapo na meno yake yote ya nje. Basi Kunguru akabeba.

Na siku hizo Kunguru alikuwa mweupe pe, mwili mzima. Akazibeba moja moja hadi mji wa watu, kwa mafundi wanaojua kuzipasua na kutenganisha vyuma vyake. Njia nzima uchafu ukamchuruzikia, mpaka akawa mweusi ti. Mkimwona na kile kifulana chake cheupe, mjue hapo tu ndipo uchafu haukufika.

Mhanga akachimba kisima kipya nyuma ya vilima vitatu, akawa anamletea mwanawe maji kwa kibuyu. Kichuguu akapona, polepole. Baada ya mwaka, mwezi mmoja ulipoandama, ardhi ikaanza kutafuna tena.

Siku hiyo Kichuguu akauliza, "Mama, sasa tunaweza kunywa ya chemchemi?"

Mhanga akayanusa maji. "Bado."

Kichuguu akakua, akapata binti. Binti akamwuliza baba yake swali lile lile. Kichuguu akayanusa maji. "Bado."

Mhanga akazeeka, akafa, wakamlaza ardhini, na ardhi ikampokea. Yule binti naye akapata mtoto. Siku moja mtoto huyo akasimama kwenye chemchemi. Maji yalikuwa maangavu, yanaonekana hadi kwenye changarawe, mazuri kuliko kitu chochote alichowahi kukiona. Akamwuliza mama yake kama anaweza kunywa. Mama yake akainama, akayanusa kwa muda mrefu.

"Bado, mwanangu."

Wenzangu, hadithi hii inatufunza hivi: kabla hujakishangilia kitu kipya mkononi mwako, uliza kilichimbwa wapi, na kikifa kitakwenda wapi. Kikiharibika, kitengeneze. Kisipotengenezeka, usiilazimishe ardhi kukimeza. Na ukiisikia inakohoa, usiwaambie watu imekula.

Hadithi nimeitua hapa chini. Nani anaibeba?

Tunaibeba sote!