Mapaja ya Jiwe

Hapo kale jiwe la chini la kusagia lilikuwa bapa kama kiganja, na halikutenganishwa na jiwe dogo la juu. Mwanamke aliyeyatenganisha aliambiwa amekata ukoo wake. Wapo watakaokusimulia vingine. Waache, wao walisikia huku wakisinzia.

Mwaka visima vilipokauka, kijiji kizima kilihama kuufuata mto. Mbuke alitembea na bintiye Kalunde mgongoni, mawe yote mawili kichwani, huku akimkongoja mama yake, Nyanzobe, aliyevimba miguu.

"Unayumba kama bata aliyelewa," mama akamtania.

"Bata huyu kabeba ukoo, mama."

Lakini vumbi la wenzao lilikuwa likipotea mbele, na Kalunde alikuwa ameacha kulia. Mtoto mwenye kiu akiacha kulia, kila mzazi anajua maana yake. Nyanzobe akaketi chini.

"Tua jiwe kubwa, nibaki nalo. Wewe nenda na mwana."

"Mwana yupi, mama?"

"Wote wawili. Huyo wa mgongoni na huyo wa jiwe."

"Ni mwiko!"

"Mwiko huo nilikufundisha mimi. Leo nakufungua."

Mbuke akatua jiwe, akaenda bila kugeuka, maana angegeuka asingeondoka. Mtoni Kalunde alikunywa, kisha akalia kwa sauti, na Mbuke hakumbembeleza. Alitaka kukisikia kilio kile. Ila kila aliposaga juu ya mwamba wa ugenini, jiwe dogo liliteleza, kama mtoto anayekataa kupakatwa na mgeni. Walikula chenga tupu, si unga.

Mvua ziliporudi, Mbuke alirudi pale alipomwacha mama, pamoja na Kalunde, sasa akitembea kwa miguu yake. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na jiwe tu, limebonyea katikati, laini, kama mapaja ya mtu aliyekaa akingoja. Kalunde akaliweka jiwe dogo humo. Likatulia. Mbuke akapiga magoti, na hapo ndipo alipolia.

Na tangu siku hiyo jiwe la chini huitwa mama, nalo hubonyea. La juu huitwa mwana. Binti akiolewa mbali hupewa mwana peke yake. Siku akija kusalimia, kabla hajaulizwa habari za safari, humlaza kwanza mwana mapajani pa mama, akasaga.