Lebo Iliyorudi kutoka Labasa

Anayefunika kidonda badala ya kukitibu hujidanganya, maana siku moja harufu itamtangulia mlangoni.

Litiana aliandika programu katika kampuni ndogo mjini Suva. Programu yao ililinda majokofu ya chanjo katika zahanati za visiwani: jokofu likipata joto, kengele hulia. Kila toleo lililopelekwa kwa wateja liliwekewa lebo katika ghala la programu, hazina ya kompyuta inayotunza matoleo yote; lebo ilikuwa na namba, tarehe na jina la aliyeiweka.

Asubuhi moja meneja wake, Apenisa, alimjia mbiombio.

"Lite, futa lebo ya toleo la nne nukta mbili. Wakaguzi wanaingia saa nne."

Litiana aliifungua lebo hiyo. Ilikuwa na jina la Apenisa na maneno yake: "Kengele imezimwa kwa muda. Wateja wanalalamikia kelele." Damu ilimchemka. Kumbe ndiyo maana chanjo za kisiwa cha Kadavu, kilichopewa toleo hilo, ziliharibika kimyakimya! Na Sista Mereoni, muuguzi wa huko, alisingiziwa kuwa aliacha jokofu wazi. Siku hiyo ndiyo ingeamuliwa kama atafukuzwa.

"Jamani, Bosi! Mama wa watu ana miaka ishirini na mitatu kazini. Abebe mzigo wako?"

"Ulokole wako uache kanisani, dada. Hapa tunatafuta mkate."

"Basi utafute kwa mkono wako. Wangu haufuti."

Apenisa alivuta kibodi, akaifuta lebo kwenye kompyuta ya Litiana, kisha kwenye ghala kuu. Litiana aliinamisha kichwa. "Bwana, usimwache yule mama," aliomba.

Kikaoni, mbele ya wakaguzi na Sista Mereoni, Apenisa alionyesha orodha ya lebo ukutani, sauti laini kama samli. "Nne nukta moja, kisha nne nukta tatu. Zote zina kengele."

"Nililifunga!" Sista Mereoni aliangua kilio. "Wanangu, nililifunga kwa mikono hii!"

Kilio kile kilimchoma Litiana kama mkuki. Alisimama. "Nne nukta mbili ilikuwapo. Imefutwa leo."

"Malaika wetu huyo!" Apenisa alicheka. "Ionyeshe basi."

"Hebu fungua orodha upya," mkaguzi alisema.

Apenisa alifungua, na kicheko kikamkauka. Nne nukta mbili ilikuwa imekaa mahali pake. Dakika chache kabla, Shalini, mwenzao aliyefanyia kazi mji wa Labasa, alikuwa ametuma kazi yake ya asubuhi kwenye ghala kuu pamoja na lebo zote zilizokuwa kwenye kompyuta yake. Ndivyo Apenisa mwenyewe alivyowaamuru tangu Januari: "Asiache mtu lebo hata moja!" Kwa pupa yake alisahau kuwa kila mfanyakazi hubeba nakala ya ghala zima.

Mkaguzi aliyasoma maneno ya lebo kwa sauti, polepole, mpaka kwenye jina la mwisho. Kisha akamgeukia muuguzi. "Sista, rudi kazini kwako. Bwana Apenisa, wewe baki."

Hakika, mficha maradhi kilio humfichua.