Mtungi wa Shekue

Siri ya mtungi aijuaye kata. Shangazi yenu kasema hivyo asubuhi, nanyi mkacheka, mkaja kuniuliza kata inajua nini, kifuu cha nazi kilichotiwa mpini. Inajua sana. Kaeni vizuri, acheni kusukumana. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na bwana akiitwa Shekue, mpenda sifa kuliko chakula. Alinunua mtungi mkubwa kushinda yote mtaani, akausimamisha ukumbini ili kila apitaye auone umejaa pomoni. Lakini kiangazi kile kisima kilitoa maji kidogo, na mtungi ule haukujazika. Shekue akapanga mawe ndani yake. Maji machache yakafika mdomoni, watu wakasema, "Nyumba ya Shekue ina neema."

Mkewe, Mwanatumu, aliyajua mawe hayo na akanyamaza. Siku ya harusi somo yake alimfunda kwamba ya nyumbani hayavuki kizingiti, naye alikuwa mtu wa kushika neno.

Siku moja Shekue akapata wageni. Wakanywa wachache, mtungi ukakauka, wengine wakabaki na kiu. Aibu ikamshika. "Mke wangu mvivu," akasema, "hachoti maji." Uongo ukishatamkwa mbele ya watu ni mgumu kuumeza tena, basi akazidi kuusukuma: akaita wazee, akataka Mwanatumu arudishwe kwao. Na zama hizo mwanamke aliyerudishwa kwa uvivu hakuposwa tena. Ulikuwa ukatili, wala sioni haya kuuita hivyo.

Wazee wakakaa ukumbini. Mtungi ulikuwa umejaa.

"Leo kaujaza kwa kuwaogopa nyinyi," Shekue akasema.

Mzee Mbarali, mkubwa wao, akamgeukia mke. "Mwanangu, una la kujitetea?"

"Sina, baba. Ila jua ni kali. Nyweni maji kwanza."

Wakapokezana kata. Hata hawajanywa wote, kata ikakwaruza ndani. Mzee Mbarali akaizamisha tena, ikakwaruza tena. Akakunja mkono wa kanzu, akaingiza mkono, akatoa jiwe linalochuruzika maji.

"Mwanatumu! Mbona hukusema?"

"Mimi nilifundwa, baba. Kata haikufundwa."

Wazee walicheka hadi wakafuta machozi. Shekue alitazama miguu yake. Wakamuuliza Mwanatumu anataka nini.

"Nitakaa," akajibu, "akiyatoa mawe yeye mwenyewe, mchana, watu wakipita. Kisha aujaze."

Akayatoa. Akaenda kisimani jua la utosini, ndoo begani, akarudi, akaenda tena, na mtungi bado unataka. Ndipo alipojua mkewe alikuwa akibeba nini.

Basi mkimsikia mtu anasifu au kulaumu nyumba asiyoishi ndani yake, msibishane naye. Mwambieni kama wapita njia walivyomwambia Shekue njiani, kwa adabu, baada ya kumsalimu na kumpisha apite na ndoo yake: siri ya mtungi aijuaye kata.