Baroni Aliyejenga Nyumba ya Bi Nakijwa

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nyumba!

Nani aliijenga?

Ahaa, hapohapo! Mmeuliza swali lililomtoa mtu jasho. Sogeeni.

Hapo kale, kale isiyo mbali sana, milimani Upare, palikuwa na nyumba ya mawe katikati ya shamba la tangawizi. Kuta nene, bati jekundu, na upande wa nyuma jiko la mafiga matatu. Humo aliishi Bi Nakijwa, mjane, na mjukuu wake Elisafi. Elisafi alikwenda mjini, akarudi na viatu vilivyochongoka na wazo moja. Viatu vilimbana. Wazo halikumbana hata kidogo.

"Bibi," akasema, "nyumba hii tuifanye ya wageni. Watapanda mlima, watalala, watakula makande yako."

"Mume wangu," akajibu Bi Nakijwa, maana bibi na mjukuu ni watani, "hilo ni neno. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Wakapaka chokaa, wakanunua mashuka, wakatundika kibao. Na wageni wakaja! Vicheko, mizigo mgongoni, watoto kwenye matuta! Makande yakatoka jikoni yanafuka, watu wakalamba vidole.

Mgeni wa kwanza akauliza, "Nyumba nzuri hii, nani aliijenga?"

Ninyi mngesema nini? Kweli, sivyo? Elisafi akaona kweli haina tai shingoni. Akasema, "Mzungu mmoja."

Bibi akachungulia kutoka jikoni. "Na mimi nilikuwa wapi?"

"Nyamaza, bibi, tuna wageni."

Mgeni wa pili akauliza. Uongo ukishalala nyumbani mwako, asubuhi unadai chai. "Baroni!" akasema Elisafi. "Bwana mkubwa wa Ulaya, masharubu hadi hapa!" Makande nayo yakapewa jina, yakaitwa Kitoweo cha Baroni. Mahindi yaleyale, maharagwe yaleyale.

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Nyamaza, bibi, tuna wageni."

Mgeni wa tatu akauliza, "Na huyo Baroni alifia wapi?"

"Hapahapa! Kaburi lake lile pale."

Jamani! Lilikuwa tuta la viazi vitamu. Wageni wakavua kofia mbele ya viazi.

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Nyamaza, bibi, tuna wageni."

Akanyamaza. Lakini siku moja Elisafi akaingia jikoni na mafundi wawili, nyundo mkononi.

"Bibi, watu wanashangaa, Baroni gani alipikia mafiga? Kesho tunalivunja jiko hili. Hapa patakuwa bafu la Baroni. Wewe nimekupangia chumba kule chini tambarare. Lile joto litakufaa magoti."

Mnasikia? Mafiga yale Bi Nakijwa aliyapanga akiwa bibi harusi. Kumng'olea ni kumzika anaona. Je, alilia? Hakulia.

"Sawa, mume wangu. Niache tu nipike kesho mchana, chungu cha mwisho."

Sasa, kati ya wageni alikuwapo Mzungu mmoja mrefu, Bwana Ludo, mwalimu wa useremala aliyekaa nchini hadi Kiswahili kikamzoea. Huyo alipenda kukaa jikoni na bibi, akichambua maharagwe. Bibi akamnong'oneza. Bwana Ludo akacheka mpaka miwani ikaangukia ungoni.

Kesho yake, wageni wote mezani, mafundi mlangoni, Bwana Ludo akasimama.

"Ndugu zangu, siwezi kuficha tena. Yule Baroni ni babu yangu, mzaa baba."

Makofi! Elisafi naye akapiga makofi, maskini. "Karibu sana nyumbani!"

"Nyumbani, ndiyo. Asante kwa kunitunzia nyumba ya babu. Hata kaburi umenionyesha. Sasa naichukua. Funguo ziko wapi?"

Makofi yakakatika.

"Bwana, unatania."

"Mtu hutania mbele ya kaburi la babu yake?"

"Mpe mwenyewe nyumba yake!" wageni wakapaza sauti. "Si ulisema kwa mdomo wako?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Elisafi iliishia juu ya benchi. Akaruka juu, viatu vikamtoka!

"Hakuna Baroni! Hajawahi kuwapo! Nyumba hii aliijenga babu yangu, Mzee Mbwambo, na huyu bibi yangu! Baragumu lilipigwa, kijiji kizima kikaja msaragambo, watu wakafanya kazi pamoja bila ujira! Wanaume walibeba mawe kutoka mtoni, wanawake wakakanyaga udongo, bibi akawapikia wote kwenye mafiga yale! Lile kaburi ni viazi!"

"Ushahidi?" akauliza Bwana Ludo.

"Kitovu changu! Nimezaliwa humu, bibi ndiye aliyemzalisha mama yangu, na kitovu changu akakizika… akakizika…"

"Wapi?" wakauliza wote.

Elisafi akawatazama mafundi na nyundo zao.

"Jikoni. Palepale mafigani."

Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Huyu wetu alibakiza nyundo moja tu ajenge bafu juu ya kitovu chake.

Halafu wageni wakalipuka! Baragumu lilipigwaje? Mawe yalibebwaje? Mama mmoja akamshika Elisafi mkono: "Mwanangu, hadithi tamu hivi uliificha ya nini? Mabaroni tumeshawachoka."

Elisafi akakohoa, akanyoosha shati, akafungua mdomo aanze kueleza.

Bi Nakijwa akaingia na chungu, akakitua katikati ya meza.

"Nyamaza, mume wangu," akasema. "Tuna wageni."

Akavuta kigoda, akasimulia mwenyewe.

Mafiga yapo hadi leo. Na lile kaburi? Walilifukua jioni ileile. Baroni akaiva vizuri sana, akaliwa na chai ya tangawizi.

Hadithi nimeiepua jikoni, naitua mbele yenu. Kama imeiva, pakueni. Kama mbichi, msinilaumu mimi, laumuni kuni.