Fisi Alivyopiga Marufuku Matawi Barabarani

Nilikuwepo. Asikudanganye mtu kwamba kuna mwingine aliyeiona hii, maana juu ya ile kona nilikaa peke yangu, na macho yangu mimi yanamwona sisimizi akikonyeza kutoka kilima cha pili.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka mto ukapasuka. Mamba alikohoa vumbi. Kiboko alikonda akaanza kuvaa mkanda. Maji yalibaki ng'ambo ya kilima tu, na walioyaleta ni Punda na mdogo wake, kila mmoja na lori lake bovu. Njiani palikuwa na kona moja mbaya. Gari likiharibika pale, dereva alikata matawi akayatandika barabarani, na anayekuja nyuma akajua apunguze mwendo. Alama hiyo hata Kobe aliijua, na Kobe hajawahi kumpita mtu.

Ajali zilipozidi, Simba akaita baraza. Kuhusu barabara alijua kitu kimoja tu, kwamba zote ni zake.

"Sheria zirekebishwe!" akanguruma. "Nani ana uzoefu na ajali?"

"Mimi, mtukufu," akasema Fisi, mate yakimdondoka. "Hakuna ajali nisiyofika. Tena nafika wa kwanza."

"Basi wewe ndiye mwenyekiti wa kamati," akasema Simba, akalala.

Kamati yenyewe ilikuwa Fisi peke yake. Akatoka na sheria mpya: matawi barabarani ni uchafu, marufuku. Gari likiharibika liwekewe kitu kinachong'aa. Atakayekutwa ametandika matawi, atanyang'anywa gari na vyote vilivyomo.

"Hicho kinachong'aa tutakipata wapi, mwenyekiti?" akauliza Punda.

"Kamati inatunga sheria, bwana. Haizai vioo."

Haikupita wiki, mdogo wake Punda akakatikiwa ekseli pale konani. Aliiogopa sheria, hakukata hata jani. Nguruwe akatokea nyuma na gari lake mbio, akamvaa, wakafa wote wawili. Punda alipofika alikuta damu na vipande vya taa.

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Kamati imemzika kwa heshima zote," akasema Fisi, anajifuta mdomo.

Punda akagoma. "Bila matawi, pale sipiti tena." Watoto wa kijiji kizima wakaanza kulamba mawe. Simba yeye hakujali, kila siku alijiendesha mwenyewe kwenda kunywa, kwa mwendo ambao kivuli chake kilifika nyumbani kesho yake.

Sungura akamwambia Punda, "Twende tukakae konani. Lori la mwenyekiti siku hizi linapanda kilima limejaa mpaka linalia. Litakatika tu."

Likakatika, tena palepale. Fisi akaruka chini, akamkimbilia Punda.

"Punda, ndugu yangu, nikatie matawi! Simba anarudi kutoka majini, si unamjua anavyoendesha!"

"Matawi?" Sungura akacheka. "Uchafu ule, mwenyekiti? Unataka unyang'anywe lori?"

Fisi akaliangalia turubai lililofunika mzigo. Angeweza kukimbia. Lakini Fisi aiache nyama?

"Sasa nifanyeje, bwana Sungura?"

"Sheria yako inataka kitu kinachong'aa. Mdomoni mwako mna nini? Simama katikati ya barabara, toa meno yote."

Akasimama, akakenua. Jua likayapiga yale meno, mimi huko juu nikafumba macho. Simba akatokea. Yeye hapunguzi mwendo kwa ajili ya mtu yeyote, lakini akaona Fisi anamkenulia. Akakanyaga breki, matairi yakatoa moshi mpaka nchi ya jirani wakaanua nguo.

"Unamcheka nani, wewe?"

"Hiheki, mtukufu!" akasema Fisi, anaogopa kufunga mdomo. "Hii heria!"

"Na huko nyuma umefunika nini?"

Sungura akavuta turubai. Miguu ikamwagika barabarani. Punda akaiona kwato moja yenye kovu, akapiga magoti.

"Huyu ni mdogo wangu, mtukufu. Fisi alisema amemzika."

Simba akamgeukia Fisi. "Nyama yote hii, na mimi hukuniletea hata paja?" Hilo ndilo lililomuuma, si Punda. Akamlamba kofi moja, kiuno cha Fisi kikashuka, na mpaka leo hakijapanda.

"Sheria ya matawi nimeifuta!" akanguruma Simba. Punda akamzika mdogo wake, akatandika matawi konani, akaenda kuleta maji.

Ndiyo hayo, ukimkabidhi sheria za ajali yule anayeshibia ajali.

Kitu kimoja nimekitia mwenyewe, nisije nikaitwa mwongo. Simba hakufuta sheria yoyote. Alipakia nyama iliyobaki akaenda zake. Matawi bado ni marufuku, Punda huyatandika kwa kuiba, na mwenyekiti mpya wa kamati ni Tumbusi.